Posa Yangu Katika Nyumba ya Ujumbe

Nakumbuka alasiri moja ya joto, mwanangu, nimesimama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli moja hapa Doha, shati limenilowa jasho hadi kiunoni, namngoja mzee mmoja atoke kazini ili nimwambie nataka kumwoa binti yake. Nilijiona shujaa. Nilijiambia kwamba wenzangu wanazungukazunguka, mimi naenda moja kwa moja kama mwanamume. Sikujua kwamba kuna njia fupi inayomfikisha mtu upesi mahali asipotakiwa.

Kaa hapo karibu na feni, nikusimulie. Usijali chai, Mama atatuletea.

Wakati huo nilikuwa kijana wa makamo yako, mlinzi, nimetoka Taita na sanduku moja na kiburi cha kutosha masanduku kumi. Treni ya chini ya ardhi unayopanda leo ilikuwa bado haijachimbiwa njia, na huku Al Wukair tunakoishi sasa kulikuwa mchanga mtupu na ngamia wanaotazama barabara kana kwamba wao ndio walioilipia. Lindo langu lilikuwa nyumba moja kuukuu karibu na bahari, iliyokuwa ikikarabatiwa. Watu wa mtaa waliiita Beit al-Wafd, maana yake nyumba ya ujumbe. Ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya ujumbe wa Waingereza, wale waliokuwa wakija kwa merikebu kuzungumza na wakubwa wa nchi hii, kisha wakaondoka. Ilikuwa na kuta nene za mawe ya bahari, ua mpana katikati, ukumbi wa wageni ghorofani, na mnara wa kukamata upepo. Dari lake lilikuwa la boriti. Siku mafundi waliponiambia kwamba boriti zile zilivushwa kutoka pwani yetu, nilikaa nikazitazama kwa muda, nikafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa zake ugenini.

Binti mwenyewe alikuwa Kemunto, muuguzi, Mkisii wa Nyamira. Tulikutana kwenye ibada ya Ijumaa, maana unajua huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Alikuwa na sauti ya kuimba na ulimi wa kuchoma, na vyote viwili vilinipendeza. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo, Mzee Onchari, aliyekuwa hapa hapa Doha, fundi wa mabomba katika ile hoteli. Kwa hiyo neno la Kemunto lilikuwa mkononi mwa mzee huyo, na Kemunto alinionya mapema kwamba si mtu wa kuendewa ovyo.

Basi mlango ukafunguka, Mzee Onchari akatoka na mfuko wake wa spana begani. Nikamfuata hatua kwa hatua hadi kituo cha basi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naitwa Mwadime. Nataka kumwoa Kemunto."

Akanitazama jinsi fundi anavyotazama bomba linalovuja, akitafakari kama latengenezeka au ni la kutupwa. "Kijana," akasema, "wewe huna watu?"

"Watu wangu wako Taita, baba."

"Basi wakija, tutaongea." Basi likafika, akapanda, akaniacha pale na jua langu.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole likijikwaa, lafungwa kitambaa. Mimi nililala na ulimi wangu nikiuonea haya.

Kemunto aliponipigia simu alitaka kujua nilisema nini hasa. Nikamweleza neno kwa neno. "Mwadime," akasema, "hata mtu anayeuliza bei ya nyanya huanza kwa kumuuliza muuzaji kaamkaje." Kisha sauti yake ikashuka. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na mzee alikuwa amempa neno: asipotokea mtu mzima wa kuzungumza naye kabla ya mkataba kuisha, binti atarudi nyumbani, na habari ya yule kijana wa kituo cha basi iishie hapo.

Nikampigia baba yangu Taita. Baba alikuwa tayari kuzungumza, lakini safari ya Doha hakuiweza, na Mzee Onchari alikwisha kusema kwamba katika ukoo wao mtoto hatolewi kwa simu. Nikabaki kama mtu aliyesimama katikati ya mto, nyuma mbali na mbele mbali.

Sasa nikujulishe kwa Bi Zuwena, maana bila yeye Mama asingekuwa jikoni mwangu leo. Alikuwa bibi wa Kipemba, mzaliwa wa Wete, aliyeletwa Doha na ndoa akiwa msichana. Nyumba yake ilikuwa uchochoro wa pili kutoka lindo langu. Kila alasiri alikuja na buibui lake na kiti chake cha plastiki, akaketi uani kuwatazama mafundi wakipaka jasi, akawakosoa kwa Kiarabu, kisha akanigeukia mimi akastarehe kwa Kiswahili. Alikuwa na haki ya kukosoa. Mkwe wake, baba wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mpika kahawa wa nyumba ile wageni walipokuwa wakija.

Siku ile alinikuta nimejiinamia. Akaniuliza, nikamwambia. Ikawa kama nimemmwagia maji.

"Ulikwenda kujiposea mwenyewe?" akasema. "Kwa mdomo wako mwenyewe? Na mzee wa watu yuko njiani?"

"Nilitaka kuwa mkweli, Bibi."

"Ukweli hauna haraka, mwanangu. Mwenye haraka ni wewe." Akavuta kiti chake karibu. "Hebu nikuulize. Nyumba hii unayoilinda, wajua kwa nini ilijengwa?"

Nikasema ilijengwa kwa ajili ya Waingereza.

"Sikukuuliza kwa ajili ya nani. Nimekuuliza kwa nini."

Akanisimulia aliyosimuliwa na mkwe wake. Alisema kwamba mwanzo wageni wale walikuwa wakishuka melini, wametapika njia nzima, nguo zimewaganda mwilini, wanapokelewa pale pale mchangani. Mkalimani katikati, jua juu, nzi kila mahali. Huyu akisema neno, yule anapandisha sauti. Wakarudi melini wamenuna, na wenyeji wakarudi majumbani wamenuna. Ikatokea tena hivyo hivyo. Mwishowe tajiri mmoja wa lulu akasema yatosha, akajenga nyumba hii, akaweka ukumbi juu ili upepo uufikie. Walipokuja tena, waliambiwa hakuna atakayesikia habari yao mpaka waoge, wale, na walale. Siku ya pili ndipo wakaulizwa kilichowaleta.

Sikwambii, mwanangu, kwamba wageni wale walikuja kwa heri tupu. Mwenye nguvu akikujia na merikebu, hata salamu yake ina mizinga ndani. Bi Zuwena alilijua hilo kuliko mimi. Nilimuuliza, "Na walipozungumza hivyo, walikubaliana?"

"Mengine walikubaliana, mengine walikataana," akajibu. "Lakini walikataana wamekaa."

Kisha akasimama, akakunja kiti chake. "Wewe umempokea mkweo mchangani. Sasa tutampa nyumba."

Nilidhani anasema kwa mfano. Kumbe bibi alikuwa anapanga. Alimwendea mhandisi msimamizi wa ukarabati, Mjordani mmoja mpole, akamwomba ukumbi wa juu kwa alasiri ya Ijumaa moja. Mhandisi akacheka, akasema nyumba imekaa miaka mingi bila mgeni, huenda imeanza kuona upweke, ila tuvue viatu na tusiguse kuta mbichi. Halafu Bi Zuwena akamtafuta mwanamume wa kukaa naye upande wangu, akamchagua Mzee Ssali, mkubwa wetu wa zamu, Mganda wa Masaka, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alipoambiwa atakuwa mshenga, alisema, "Mimi maneno yangu ni kidogo," naye Bi Zuwena akamjibu kwamba ndiyo sababu amemchagua.

Tazama ujumbe wangu ulivyokuwa: bibi Mpemba wa Kiislamu na mzee Mganda Mkatoliki, wanakwenda kwa fundi Mkisii Msabato kumsemea kijana wa Kitaita Mwanglikana. Hapakuwa na hata wawili waliozaliwa na lugha moja ya nyumbani. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na ugenini huchagui sana vidole.

Wakamfuata Mzee Onchari kwenye makazi ya wafanyakazi wa hoteli, wakamwalika. Hawakutaja posa. Walisema tu kwamba wanamkaribisha kahawa katika nyumba ya ujumbe, alasiri ya Ijumaa itakayomfaa.

Akaja. Alivaa suti ya kahawia na tai, viatu vimeng'aa, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Bi Zuwena alikuwa ametandika mikeka na mito, ameweka tende, halwa aliyoipika mwenyewe, na udi ukifuka pembeni. Mimi nilipewa kazi moja, kumimina kahawa, na amri moja, nisifungue mdomo.

Huku, kama ujuavyo, kahawa humiminwa kidogo kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono, na mgeni akimaliza unammiminia tena, mpaka atikise kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Mzee Onchari hakuijua desturi hiyo. Miaka yote alikunywa chai yake na wenzake kwenye gilasi. Kwa hiyo nilimimina, akanywa kwa adabu. Nikamimina tena, akanywa. Kila nilipomimina alinitazama, akaona kukataa ni kumvunjia mwenye nyumba heshima, akanywa. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Nami ningemwambia nini, na nimekatazwa kusema?

Bi Zuwena akaona. Hakumfundisha, hakumcheka, hakusema neno. Alimaliza kikombe chake mwenyewe taratibu, akakinyanyua juu kidogo, akakitikisa mara mbili tatu mbele ya macho ya mgeni, akanirudishia. Mzee Ssali naye akatikisa chake. Mzee Onchari akawatazama, akakitazama kikombe chake, akakitikisa. Nikakipokea nikarudi nyuma.

"Kumbe hivyo ndivyo mtu huokoka," akasema Mzee Onchari.

Mzee Ssali akaanza kucheka tumboni, kicheko kile cha chini kinachotikisa mkeka, na Mzee Onchari akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akalegeza tai. Ndipo maongezi yakaanza. Wakaongea habari za mvua ya Nyamira na ndizi za Masaka, wakabishana zipi ni bora. Bi Zuwena akamuuliza habari za miguu yake, maana alimwona akipanda ngazi kwa kushika ukuta, na yule mzee akaeleza kwa kirefu maumivu ya goti ambayo hata Kemunto muuguzi hakuwahi kuambiwa.

Mimi pale mlangoni nilikuwa naungua. Jua lilikuwa linashuka, na hakuna aliyetaja jina langu. Nikaona nafasi itapotea. Nikasogea na dele la kahawa mkononi, nikasema, "Baba, kuhusu lile jambo letu..."

"Mwadime," akasema Bi Zuwena bila kugeuka, "kahawa imepoa. Nenda kaichemshe."

Haikuwa imepoa. Ilikuwa inanichoma vidole. Nikaenda kuichemsha.

Mzee Onchari alipoondoka, nilimkimbilia bibi. "Amesemaje?"

"Amesema goti linamuuma."

"Na habari ya Kemunto?"

"Kemunto hajambo." Akavaa viatu vyake. "Mwanangu, leo tumemkaribisha mtu. Mambo ya kumwomba mtu kitu yana siku yake."

Sikulala vizuri juma lile, nakwambia kweli. Kemunto akaniuliza kila siku kama kuna neno, nami sikuwa na neno. Lakini Ijumaa iliyofuata, Mzee Onchari mwenyewe akatuma salamu. Alisema yeye hana ukumbi wala mnara wa upepo, ana kitanda na jiko la kushirikiana, lakini amepika ugali na mboga za kienyeji zilizoletwa na mtu kutoka nyumbani, na anawaomba wazee wake wamtembelee. Wazee wake. Mzee Ssali aliponipa habari hizo alilirudia neno hilo na kutabasamu.

Siku hiyo ya pili nilikwenda nikakaa karibu na mlango. Walipokula na kunawa, Bi Zuwena akarekebisha mtandio wake, akasema kwa sauti ya taratibu, "Mwenzetu, tumeona ua katika nyumba yako. Tuna kijana ambaye hajui kubisha hodi, lakini ana mikono ya kazi na moyo mweupe. Tumekuja kumbishia hodi sisi."

Mzee Onchari akalinyoosha lile goti lake polepole. Nikasikia mtu akiosha sufuria chumba cha pili.

"Nitasema jambo," akasema hatimaye. "Miaka niliyokaa nchi hii nimeingia nyumba nyingi, kubwa na nzuri. Zote nimeziingia kwa mlango wa nyuma, na spana mkononi. Hakuna siku mtu aliniambia keti. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ya huku kwa mlango wa mbele, kama mgeni." Akajipangusa usoni. "Huyu kijana alinijia siku nimesimama tangu alfajiri, goti linawaka moto. Angenipa hata ndoo ya kukalia, ningemsikiliza."

Kisha akauliza swali ambalo hadi leo nalisikia. "Kijana wenu huyu, akimkosea mwanangu, nimwite nani?"

"Niite mimi," akasema Mzee Ssali.

"Na mimi," akasema Bi Zuwena. "Na ukiniita, nitakuja na fimbo."

Mzee Onchari akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu kituo cha basi. "Sasa una watu," akasema. "Sogea basi, ukae na wenzako."

Mwanangu, nilivuka chumba kile kidogo nikitembea kama niko juu ya maji. Nilipoketi, akanipa kipande cha ugali kilichobaki, nikala, na machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili. Hapakuwa na pilipili.

Mengine unayajua. Baba yangu na wazee wa Kemunto walikutana huko nyumbani kwa desturi zote, na Kemunto akahuisha mkataba wake, akakaa. Mzee Onchari alikuja kuwa rafiki yangu mkubwa, na alipostaafu kurudi Nyamira alibeba vikombe vya kahawa vya kutosha kuwatesa wageni wake wote. Bi Zuwena ametangulia mbele za haki, Mungu amlaze pema. Alimpakata mtoto wetu wa kwanza akasema ana pua ya Kipemba, na sisi hatukumbishia. Ile nyumba ya ujumbe imekamilika, inapendeza, watalii hupiga picha chini ya zile boriti. Waingereza waliojengewa sijui walilala humo mara ngapi. Mimi najua tu kazi iliyonifanyia mimi.

Kwa nini nimekukalisha hapa kukueleza haya? Kwa sababu jana, wewe nawe uliye mbali na wazazi wako, ulinionyesha kwenye simu ujumbe uliomwandikia yule mzee wa Umm Salal, wa kumwomba binti yake, ukaniuliza kama umeandika vizuri. Umeandika vizuri. Kiswahili chako ni safi kuliko changu. Usiutume.

Kuna maneno mepesi, hayo yarushe upendavyo. Kuna maneno mazito, nayo hayabebwi na mtu mmoja. Neno la kuomba ndoa, neno la kuomba radhi, neno la kuvunja ugomvi wa muda mrefu, hayo yatafutie mabega. Usione aibu kumwambia mkubwa wako nisemee. Kusemewa si udhaifu. Ni kumwonyesha yule unayemwendea kwamba umemheshimu kiasi cha kuwainua watu wengine kwa ajili yake.

Na kabla hujamwomba mtu kitu, mtazame kwanza miguu yake. Amesimama tangu lini? Amekula? Amekaribishwa mahali popote siku hiyo? Mji huu umejaa watu wanaofungua milango ya wengine mchana kutwa na hakuna anayewafungulia wao. Mpe mtu kiti bila kumdai neno, siku moja au mbili, na wala usihesabu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, hilo kweli, lakini binadamu hutolewa na kukaribishwa.

La mwisho, usiseme huna watu kwa kuwa ndugu zako wako mbali. Ugenini watu hawarithiwi, wanatafutwa. Utampata mmoja kazini, mmoja kanisani au msikitini, mmoja uchochoro wa pili. Wasalimie kabla hujawahitaji. Na ukiteleza, wasikilize wakikukemea, maana anayekukemea ameshakuhesabu kuwa wake.

Ijumaa hii mimi na Mama tutavaa vizuri, tutakwenda Umm Salal. Wewe utabeba tende na utakaa kimya, hata kahawa ikikuchoma vidole. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha, akupe watu wa kukusemea usipokuwa na maneno, na akujalie nyumba isiyokosa kiti cha mtu aliyechoka. Amina, mwanangu.